Timazi Iliyovutwa na Mlima

Kila aliyepita shule amekariri namba hizi mbili: kutoka duniani hadi mwezini ni kilomita 384,400, na hadi kwenye Jua ni kilomita milioni 150 hivi. Mwalimu anaziandika ubaoni, wanafunzi wananakili, mtihani unapita. Ni nadra mtu kuuliza aliyezipima alisimama wapi, na mkononi alishika nini. Nilipoanza kulifuata swali hilo nilidhani litanipeleka kwenye minara ya falaki ya Ulaya. Lilinipeleka kusini mwa bara letu wenyewe, kwenye mtaa mmoja wa Cape Town, kisha likanitoa mjini kuelekea kaskazini, kwenye mashamba ya ngano yaliyotandazwa chini ya milima.

Strand Street leo ni barabara pana ya katikati ya jiji, imejaa mabasi na majengo ya ofisi. Mwaka 1751 bahari ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Ardhi unayoiona sasa kati ya mtaa huu na bandari ni kifusi kilichomwagwa baharini katika karne ya 20. Upande wa kusini hakuna kilichobadilika: Mlima Meza umesimama kama ulivyosimama siku zote, ukuta wa mawe wenye kimo cha zaidi ya mita 1,000, umeziba nusu ya anga. Naomba msomaji auweke akilini, maana utaingia katika hesabu zetu bila kualikwa.

Katika mtaa huo, kwenye nyumba ya Jan Bestbier, ndiko alikofikia Nicolas-Louis de Lacaille. Alizaliwa mwaka 1713 katika kijiji cha Rumigny, kaskazini mwa Ufaransa. Alisomea dini hadi akapata daraja la ushemasi, lakini hesabu na nyota ndizo zilizomteka. Mwaka 1739 na 1740 alishiriki kuipima upya meridiani ya Ufaransa, yaani mstari wa kaskazini na kusini unaopita Paris, na kazi hiyo ilimfundisha kwamba anayetaka kuipima mbingu sharti kwanza ajue kuipima ardhi. Novemba 1750 alipanda meli iitwayo Le Glorieux katika bandari ya Lorient. Meli ilipitia Rio de Janeiro, ikatia nanga Rasi ya Tumaini Jema Aprili 1751. Rasi ilikuwa mali ya Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki. Gavana Ryk Tulbagh alimpokea vizuri na akaamuru ajengewe chumba cha kutazamia nyota uani kwa Bestbier.

Mambo aliyokuja kuyafanya yalikuwa mengi, na mengine nitayapita haraka. Alizipima nyota za anga la kusini karibu 10,000 ndani ya mwaka mmoja, akitumia darubini ndogo ambayo kioo chake kilikuwa na upana wa nusu inchi, inayokuza mara 8 tu. Upepo wa kusini-mashariki ulipovuma kutoka mlimani ulimsumbua sana, maana hewa ilitikisika na nyota zikatikisika nayo. Aliunda makundinyota mapya 14, na badala ya kuyapa majina ya wafalme aliyapa majina ya vyombo vya kazi: darubini, hadubini, saa, bikari, tanuri la mkemia. Moja tu alilipa jina la mahali, nalo ni Meza, kwa heshima ya mlima uliokuwa mgongoni mwake. Kundi hilo lipo hadi leo. Nyota zake ni hafifu kuliko za kundi lolote jingine, lakini mtu wa Lindi au Mtwara aliye mbali na taa za mji anaweza kulitafuta upande wa kusini, karibu na upeo wa macho, jioni za Januari.

Kazi ninayotaka tuikalie ni ile ya Mwezi.

Lacaille hakuifanya peke yake. Mwenzake alikuwa kijana wa miaka 19 aitwaye Jérôme Lalande, aliyetumwa Berlin na Chuo cha Sayansi cha Paris. Mfalme Frederick wa Prussia alishangaa kuona wamemletea mtoto, lakini mtoto huyo alijua alichokuja kufanya. Usiku baada ya usiku, mwaka 1751 na 1752, Lalande akiwa Berlin na Lacaille akiwa Strand Street walitazama kitu kimoja kwa wakati ulio karibu kuwa mmoja. Mwezi ukivuka meridiani, yaani ukifika juu kabisa katika safari yake ya usiku ule, mtu wa Berlin anautazama akielekea kusini, na mtu wa Rasi anautazama akielekea kaskazini. Kila mmoja anapima pembe iliyopo kati ya Mwezi na utosi wa anga lake, au kati ya Mwezi na nyota iliyo jirani nao. Nyota ziko mbali mno, kwa hiyo miji yote miwili inaziona mahali palepale. Mwezi hauko mbali hivyo. Ukitazamwa kutoka Berlin unaonekana umesogea kusini kidogo kati ya nyota, na kutoka Rasi umesogea kaskazini. Jumla ya tofauti hiyo ni nyuzi 1.3 hivi, ambayo ni zaidi ya mara mbili ya upana wa Mwezi mpevu. Wanafalaki wanaiita paralaksi.

Berlin ilichaguliwa kwa sababu nzuri. Saa za enzi zile zisingeweza kulinganishwa kati ya Ulaya na ncha ya Afrika, hapakuwa na waya wala redio. Lakini Berlin iko nyuzi 13 na kidogo mashariki ya Greenwich, na Cape Town iko nyuzi 18 na kidogo. Ni kama zimepangwa kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Mwezi ukishavuka meridiani ya Rasi, dakika 20 hivi baadaye unavuka ya Berlin, na kwa muda mfupi kama huo mwendo wa Mwezi wenyewe unaweza kurekebishwa kwa hesabu. Anga lenyewe likafanya kazi ya saa.

Sasa tuna pembetatu. Kitako chake ni mstari ulionyooka kutoka Berlin hadi Cape Town, si ule unaopita juu ya ardhi bali ule unaopenya ndani ya dunia, nao ni kilomita 8,700 hivi. Kileleni upo Mwezi. Pembe ya kileleni imeshapimwa, kitako kinajulikana, na kimo cha pembetatu kinapatikana kwa hesabu ya kawaida. Wagiriki wa kale walishakadiria kwamba Mwezi uko mbali kiasi cha mara 60 ya nusukipenyo cha dunia, na hawakukosea sana. Walichokifanya Lacaille na Lalande ni kuutoa umbali huo kwenye makadirio na kuutia kwenye vipimo.

Lakini msomaji makini ameshaona mahali penye ufa. Nimesema kitako kinajulikana. Kinajulikanaje? Hakuna aliyetandaza kamba kutoka Berlin hadi Rasi. Tunachokijua ni latitudo za miji hiyo miwili, nyuzi hadi nyuzi, na ili nyuzi zigeuke kilomita sharti tujue ukubwa wa dunia na umbo lake. Umbali wa Mwezi umeegemea juu ya umbo la dunia. Ukikosea huku chini, kosa linapanda nawe hadi huko juu.

Na umbo la dunia lilikuwa limetoka tu kwenye mabishano makali. Newton alikuwa amesema kwamba dunia, kwa kuwa inajizungusha, imevimba kwenye ikweta na kubonyea kwenye ncha. Wanafalaki wa ukoo wa Cassini huko Paris walisema kinyume chake. Wafaransa waliamua kwenda kupima. Msafara mmoja ulielekea Peru mwaka 1735, mwingine ukaenda Lapland mwaka 1736 chini ya Maupertuis, ambaye alikuwa mkuu wa Chuo cha Sayansi cha Berlin wakati kijana Lalande alipofika huko. Walipima urefu wa uzi mmoja wa latitudo ardhini. Iwapo dunia imebonyea nchani, ardhi ya huko haikupinda sana, kwa hiyo inabidi uende mbali zaidi ili utosi wako usogee uzi mmoja. Lapland uzi ulikuwa mrefu kuliko wa Ufaransa, na Peru ulikuwa mfupi. Newton akathibitishwa. Leo tunajua kwamba nusukipenyo cha ikweta kinakizidi cha ncha kwa kilomita 21.

Vipimo vyote hivyo vilitoka ikweta au kaskazini. Kusini hakuna aliyekuwa amepima hata uzi mmoja. Lacaille alikuwa huko tayari, vyombo anavyo, na miezi kadhaa mkononi. Akaomba ruhusa.

Alitoka mjini majira ya kuchipua ya mwaka 1752, Septemba na Oktoba, akifuatana na Bestbier na magari ya kukokotwa na maksai. Rasi ya siku zile iliishi kwa jasho la watumwa waliotolewa Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia, na msafara huu pia ulitembea kwa mikono yao. Majina yao hayakuandikwa. Linaniuma jambo hilo, kwa sababu katika kazi ya kupima ardhi yule anayeshika fito na kuilaza sawasawa ndiye anayebeba usahihi wa hesabu nzima.

Barabara ya leo inayokwenda kaskazini inapita katikati ya nchi hiyohiyo. Ukishaviacha vitongoji vya jiji unaingia Swartland, tambarare yenye mawimbi, ngano kila upande, na hapa na pale mlima mmoja umesimama peke yake. Kwa mpima ardhi ni nchi ya kutamanika, kwa sababu kutoka mlima huu unauona ule. Lacaille alichagua Kapokberg, karibu na mji wa leo wa Darling, na mlima wa Riebeek-Kasteel ulio mashariki yake. Kwenye tambarare iliyo kati alipima mstari wa msingi, zaidi ya kilomita 12, kwa fito za mbao zilizolazwa moja mbele ya nyingine. Kutokana na mstari huo mmoja uliopimwa kwa mkono, na pembe alizozisoma kutoka vilele vya milima, akajenga pembetatu mbili kubwa zilizomfikisha kutoka Strand Street hadi shamba la Klipfontein, karibu na kijiji kinachoitwa Aurora sasa. Kwa mstari mnyoofu ni kilomita 135 na ushei.

Aurora ni kijiji kidogo sana, nyumba nyeupe na kanisa, na watu wake wanazungumza Kiafrikana. Nilichokuja kukitazama pale ni milima. Milima ya Piketberg inainuka ghafla kutoka kwenye mashamba, mikubwa na myeusi. Lacaille alipofika hapa aliweka chombo chake ndani ya ghala la nafaka, akazipima nyota zilezile alizozipima akiwa mjini, zinapopita karibu na utosi wa anga. Tofauti kati ya utosi wa Strand Street na utosi wa Klipfontein ilitoka uzi 1, dakika 13 na sekunde 17 na nusu. Akagawanya urefu wa ardhi kwa pembe hiyo.

Jibu lilikuwa la ajabu. Katika latitudo ya nyuzi 33, uzi mmoja ulipaswa kuwa kilomita 110.9 hivi. Yeye alipata 111.17, zaidi ya mita 250 juu ya kilichotarajiwa. Huo ni urefu wa uzi wa katikati ya Ufaransa, ambako ni mbali zaidi na ikweta. Kama kipimo hicho ni sahihi, nusu ya kusini ya dunia haina umbo sawa na nusu ya kaskazini, na dunia nzima imechongoka upande mmoja. Lacaille alirudia hesabu zake. Hakuona kosa. Akalichapisha jibu lake kama lilivyo, na mimi ninamheshimu kwa hilo kuliko kwa nyota zake zote 10,000. Ingekuwa rahisi kwake kulifinyanga lifanane na matarajio ya wakubwa wa Paris.

Kabla hatujaenda kulitafuta kosa, itazame timazi. Fundi mwashi anayo kwenye mfuko wake: kipande cha chuma kinachoning'inia kwenye uzi. Akiitundika pembeni mwa ukuta inamwambia kama ukuta umesimama wima. Chombo cha mwanafalaki kina timazi vilevile, na bila hiyo hakifai kitu, kwa sababu utosi wa anga hauna alama yoyote huko juu. Utosi ni pale uzi wa timazi unapoelekea ukiurefusha kinyumenyume hadi kwenye nyota. Tunaichukulia timazi kuwa inaelekeza katikati ya dunia. Lakini timazi inavutwa na kila kitu chenye uzito, na mlima una uzito. Ukisimama kando ya mlima mkubwa, timazi yako inaegemea upande wa mlima, kidogo mno, sekunde chache za pembe. Jicho haliwezi kuona. Lakini sekunde moja ya latitudo ni mita 31 ardhini, na sekunde 10 hivi, zikigawanywa kwenye uzi mmoja na robo wa Lacaille, zinatosha kuzaa kosa la mita 250 kwa kila uzi.

Sasa rudi Strand Street uugeukie Mlima Meza. Uko kusini. Timazi ya Lacaille ilivutwa kusini. Huko Klipfontein kundi kubwa la milima liko upande wa kaskazini, na timazi yake ikavutwa kaskazini. Vyuma viwili viliachana huku chini, kwa hiyo tosi mbili za anga zikaegemeana huko juu. Pembe kati yake ikatoka ndogo kuliko ilivyostahili. Ukigawanya urefu uleule wa ardhi kwa pembe ndogo zaidi, uzi mmoja unatoka mrefu. Lacaille hakukosea kusoma chombo chake.

Aliyeitambua hali hiyo papo hapo ni mtu ambaye jina lake limekuja kuwa la mlima. George Everest alikuwa akipima ardhi ya India. Aliugua homa, akapewa likizo ya kwenda Rasi kujipatia afya, mwaka 1820. Badala ya kupumzika alizifuata nyayo za Lacaille, akaona milima ilivyokaa kwenye ncha mbili za kipimo, na akaandika kwamba mvuto wake ndio uliopotosha jibu. Wazo lenyewe halikuwa jipya. Mwaka 1774 Nevil Maskelyne alikuwa ameipima timazi pande mbili za mlima Schiehallion huko Scotland, akaonyesha kwamba kweli mlima unaivuta. Lakini kulisema jambo na kulithibitisha mahali penyewe ni kazi mbili tofauti, na ile ya pili ilimsubiri Thomas Maclear.

Maclear alifika Rasi mwaka 1834 kuongoza kituo cha falaki cha Waingereza, kilichoanzishwa mwaka 1820 nje ya mji wa wakati ule. Majengo yake yapo hadi leo, kwenye kitongoji kinachoitwa Observatory, na ndiyo makao makuu ya taasisi ya taifa ya falaki ya Afrika Kusini. Maclear aliisaka nyumba ya Bestbier kule Strand Street, na alikwenda Klipfontein kutafuta misingi ya lile ghala. Aliletewa kutoka Greenwich chombo chenye historia nzito: darubini ya utosi ya James Bradley, ndefu futi 12 na nusu, ileile iliyotoa mwaka 1728 ushahidi wa kwanza wa moja kwa moja kwamba dunia inalizunguka Jua. Akapima tena kila kitu. Kisha, kati ya mwaka 1841 na 1848, akaurefusha mstari kusini hadi Cape Point na kaskazini kuelekea Mto Orange, ili ncha zake ziwe mbali na milima iliyomchezea Lacaille. Uzi wa kusini ukarudi mahali pake. Dunia haikuchongoka. Mwaka 1867 Wafaransa walimpa Maclear tuzo yenye jina la Lalande, yule kijana wa Berlin. Ukipanda Mlima Meza hadi sehemu ya juu kabisa, mita 1,086, utakuta rundo la mawe linaloitwa kwa jina la Maclear.

Kuanzia hapa njia inapinda kuja kwetu. Mwaka 1852 mmisionari David Livingstone alikuwa Cape Town, na Maclear alimfundisha kupima nyota na Mwezi ili ajue mahali alipo atakapokuwa porini. Latitudo si ngumu, unapima kimo cha nyota. Longitudo ndiyo iliyokuwa mwiba, kwa sababu inakudai ujue saa ya Greenwich, na saa ya mfukoni haivumilii safari ya miezi. Msaada ulitoka kwenye Mwezi. Kila saa moja Mwezi unasogea kati ya nyota kiasi cha upana wake mwenyewe, nusu ya uzi na kidogo. Ukipima pembe kati ya Mwezi na nyota fulani, kisha ukafungua majedwali, unaijua saa ya Greenwich popote ulipo. Majedwali hayo yasingefaa kitu kama umbali wa Mwezi haujulikani, maana paralaksi ileile ya Strand Street na Berlin inaingia katika kila kipimo na sharti iondolewe. Livingstone aliandika pembe zake kwenye daftari na kuzituma Rasi, Maclear akazipigia hesabu. Ndivyo mito na maziwa ya ndani ya Afrika yalivyokaa mahali pake kwenye ramani za Ulaya, ingawa waliokuwa wakiishi kando yake walijua siku zote yalipo. Kwenye Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, ipo rasi ambayo Livingstone aliipa jina la mwalimu wake: Cape Maclear.

Na Jua? Lacaille alilijaribu nalo. Kanuni ya Kepler inasema kwamba muda wa sayari kulizunguka Jua unaamua ukubwa wa njia yake: Mirihi huchukua siku 687, kwa hiyo iko mbali na Jua mara 1.52 kuliko sisi. Picha nzima ya sayari ilikuwa imechorwa, ila bila kipimo cha kilomita. Ukipata umbali mmoja tu wa kweli, vyote vinafunguka. Lacaille aliipima Mirihi ilipokaribia mwaka 1751, akailinganisha na vipimo vya Ulaya, lakini paralaksi ya Mirihi ni ndogo mno kwa vyombo vyake, na Jua likatoka karibu kuliko lilivyo.

Jibu zuri lilikuja kwa David Gill. Mwaka 1877 alikwenda na mkewe Isobel kwenye kisiwa cha Ascension, katikati ya Atlantiki, kuifuata Mirihi iliyokuwa karibu sana mwaka ule. Mahali walipoweka darubini kwanza paligubikwa na mawingu kila usiku. Isobel alitoka nje gizani, akatembea juu ya mawe makali ya volkano, hadi akapata mahali penye anga safi, na kambi ikahamishiwa huko. Ghuba ya mahali hapo inaitwa Mars Bay hadi leo. Gill alipata paralaksi ya Jua ya sekunde 8.78, sawa na kilomita milioni 149.8. Kipimo cha sasa ni milioni 149.6.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1879, Gill akawa mkuu wa kituo cha Rasi, akiwa na wazo lililomfanya Lacaille aonekane kama mtu aliyepima uani kwake. Alitaka mnyororo mmoja wa pembetatu kutoka ncha ya kusini ya Afrika hadi Misri, ukifuata meridiani ya nyuzi 30 mashariki. Ukiitazama kwenye ramani, inapita karibu na Kigoma, karibu zaidi na Kigali, inaikata milima ya Rwenzori, kisha inapita Sudan Kusini na Sudan hadi Misri. Gill alifariki mwaka 1914 kazi ikiwa nusu. Kipande cha magharibi ya Uganda kilipimwa mwaka 1908 na 1909, mara baada ya tume ya mpaka wa Uganda na Kongo. Kipande cha Tanganyika kilishughulikiwa na Martin Hotine mwanzoni mwa miaka ya 1930. Vilele vilifyekwa, nguzo zikajengwa, na vyombo vikapandishwa kwa vichwa vya wapagazi, ambao nao ni wachache walioandikwa majina. Pengo la mwisho, lililokuwa Sudan, lilizibwa mwaka 1954. Uzi mmoja na robo wa Lacaille ulikuwa umekuwa mnyororo unaovuka bara zima.

Mnyororo huo ndio unaoshikilia ramani zetu. Chukua ramani ya zamani ya Tanzania au Kenya ya kipimo cha 1:50,000, ile yenye mistari ya kahawia ya miinuko, uisome pambizoni chini. Utakuta duaradufu ya Clarke ya mwaka 1880, yaani umbo la dunia lililotumika katika hesabu za ramani, na utakuta Arc 1960. Hiyo Arc ndiyo tao la meridiani ya 30. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya upimaji alinionyesha hayo kwa ncha ya kalamu. Nilimwamkia, akanikaribisha, akakunjua karatasi lake kuukuu juu ya meza. "Mwanangu," akasema, "bikoni zote tulizochimbia zimefungwa kwenye hii."

Hesabu za Arc 1960 zinaanzia mbali sana na hapa, Buffelsfontein, karibu na mji wa Afrika Kusini ambao sasa unaitwa Gqeberha. Duaradufu ya Clarke ililazwa ili ikubaliane na timazi za upande ule wa bara. Na timazi, tumeshaona, hazielekei katikati ya dunia moja kwa moja. Setilaiti hazitumii timazi. Zinazunguka kitovu cha uzito wa dunia, na vipimo vinavyokuja kwenye simu zetu vimefungwa kwenye kitovu hicho. Vitovu hivyo viwili, cha duaradufu ya Arc na cha setilaiti, vimeachana kwa mamia ya mita. Kwa Afrika Mashariki tofauti ardhini ni mita 300 hivi, karibu yote ni ya kaskazini na kusini.

Kijana akisoma nukta kwenye simu yake na kuiweka kwenye ramani ile ya mzee bila kuigeuza, nukta itaangukia kusini mwa mahali pake. Kwenye karatasi ni milimita 6. Ardhini ni shamba la jirani, au ng'ambo ya mto, na ndiyo maana wapima ardhi wa nchi zetu bado wanatembea na namba za kugeuzia kutoka Arc 1960 kwenda vipimo vya setilaiti.